Yowe Bila Debe

Mtu aliyemuua dada yangu alimwamkia mama yangu kila asubuhi kwa miaka miwili.

Alipita njia iliyo nyuma ya jiko letu, hapa Masanze, akienda kwenye bustani yake ya nyanya mtoni. Akifika kwenye pengo la ua wetu wa minyaa alisimama. "Shikamoo, mama." Mama, akiwa ameinamia moto au akichambua mchele, alijibu bila kuinua kichwa. "Marahaba." Kisha kandambili zake ziliendelea, pa, pa, pa, mpaka zikapotelea kwenye majani.

Nasema aliyemuua. Mahakama haikusema hivyo, na mimi niliwahi kukusanya habari za redio ya jamii pale Kilosa mjini, kwa hiyo najua tofauti ya "aliyeua" na "aliyetuhumiwa". Nitaandika ninayoyajua kwa mpangilio wake, na pale nisipojua nitasema sijui.

Upande wa juu wa kijiji aliishi bibi mjane, peke yake. Mtoto wa yule mtu alipofariki kwa homa, yeye alisema kilabuni, mbele ya watu, kwamba bibi ndiye aliyemla mwanawe kwa uchawi. Mimi nilikuwa nje ya kilabu nikimsubiri mtu, na maneno yake niliyaandika kwenye daftari siku ileile, kwa mazoea tu ya kazi: "Mtu mbaya hana haki ya kulala salama." Siku chache baadaye nyumba ya bibi iliungua alfajiri, naye akiwa ndani. Dada yangu alikuwa ameenda kisimani mapema. Alimwona yule mtu akitoka nyuma ya nyumba ile na dumu la njano la lita tano.

Dada aliandika maelezo polisi, akaambiwa atakwenda Kilosa kutoa ushahidi. Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa tulimkuta kwenye shamba lake la ufuta, amekatwa panga shingoni. Hakuna aliyeona. Kesi ya bibi ikafa kwa kukosa shahidi, na ya dada haikufika hata mezani. Yule mtu, aliyeshtakiwa kwa kuchoma nyumba tu na kuachwa nje kwa dhamana, akarudi kupalilia nyanya zake.

Watu wengi hudhani hofu ni kitu cha kutetemeka. Ya kwetu ilikuwa ya kupanga mambo. Mama alihamisha meko ili akikaa asiupe mgongo ule ua. Mimi niliacha kuoga jioni kwenye bafu la makuti. Hatukwenda kisimani mmoja mmoja. Na mbwa wetu, ambaye huwabwekea hata wanakwaya wenzake mama, kwa mtu yule alitikisa mkia, kwa sababu yule mtu alikuwa akimrushia vipande vya dagaa. Hilo lilinitisha kuliko panga.

Siku moja nilimuuliza mama kwa nini anamwitikia.

"Shikamoo haina mwenyewe," alisema. "Ikitolewa, inaitikiwa."

"Hata na yeye?"

Akakoroga uji. "Siku nitakayoacha kumwitikia atajua kwamba ninajua. Sasa hivi anadhani labda sijui. Acha adhani."

Mama alizaliwa Vidunda, mlimani, akasomeshwa shule ya misheni, na mpaka leo ni mzee wa kanisa la Anglikana. Maneno yake hayana haraka. Mume wa marehemu dada, shemeji yangu, ni mtu wa namna nyingine. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa yeye akiwa kijana, na boma lao liko kati ya kijiji na mashamba yetu ya upande wa hifadhi. Naye ni Mkristo, anasali kila Jumapili. Lakini kila alipokuja kutusalimia, akikaa kwenye kigoda na fimbo yake magotini, mazungumzo yalirudi palepale.

"Mama, kwetu mtu kama yule haendi mahakamani mara mbili."

"Anakwenda wapi?"

"Haendi popote." Alicheka kidogo, bila furaha. "Ndiyo mwisho wa safari yake."

"Na kwetu," mama alisema, "mkwe hazungumzi mambo ya kuua kwenye jiko la mama mkwe. Kunywa uji."

Akanywa. Nami, nisifiche, nilikuwa upande wake. Nikiwa nimelala nilimuua yule mtu kwa njia nyingi, na asubuhi niliamka bila majuto yoyote, ila niliona aibu kidogo nikisikia mama akisema marahaba.

Sasa kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo asiyelijua hawezi kuelewa yaliyotokea. Tembo wakitoka hifadhini na kuingia shambani, sisi watu wa asili ya mlimani tunapiga yowe pamoja na debe. Debe likisikika kila mtu anajua: ni mnyama, lete moto, lete makelele, usije na fimbo ukajidai. Watu wa Ziwa wao wana mwano. Mwano ni sauti ya mtu tupu, haina debe, na maana yake ni mwizi au muuaji. Ukisikika kila mwanamume anatoka na silaha yake, anaupokea kwa sauti na kuupeleka mbele, kisha wanafunga njia. Anayebaki nyumbani hutengwa. Miaka yote tumeishi pamoja na alama hizi mbili bila kuchanganya, kwa sababu ya kipande cha bati.

Ilikuwa mwezi wa tano, mahindi yamekauka. Nilikwenda shambani jua likichomoza kumpokea jirani aliyelinda usiku. Debe sikuwa nalo. Mama alikuwa amelowekea humo mahindi ya makande na mimi nikasema haidhuru, kumeshakucha, tembo gani wa mchana. Jirani akaondoka zake. Nilipanda dunguni tunakolindia, nikakaa, nikatoa kiazi changu cha kuchemsha.

Sikuwasikia wakija. Nilisikia mabua yakivunjika upande wa mto, na nilipogeuka walikuwa wanne, mmoja mdogo, na mama yake alikuwa ameshaniona. Masikio yalifunguka. Dungu letu ni miti minne na kamba. Niliruka chini na kukimbia, na nilipokuwa nakimbia nilipiga yowe kwa nguvu zote, kwa koo tu.

Upande wa boma sauti za kiume zikapokea. Nilishukuru Mungu. Nikaendelea kukimbia na kupiga kelele, na sauti zile zikaendelea kunijibu. Nilikuwa nimeshafika kwenye gogo la mkongo lililoanguka njiani, tembo wamebaki nyuma kwenye mahindi, ndipo nikagundua kwamba sisikii debe hata moja.

Kutoka kwenye gogo lile njia inanyooka mpaka kwenye josho la ng'ombe. Pale joshoni walisimama wanaume kumi na mmoja. Katikati yao yule mtu alikuwa amepiga magoti. Bustani yake iko mtoni, na tembo walipita kwake kabla ya kufika kwangu. Alikuwa amewakimbia kwa njia ileile, mbele yangu, akihema, matope mpaka kiunoni. Wao walisikia mwano wa mwanamke, kisha wakaona mwanamume anakuja mbio kutoka ulikotokea. Na mwanamume mwenyewe alikuwa yeye.

Nilikuwa mbali kidogo lakini asubuhi ile haikuwa na upepo. Nilisikia kila neno.

"Mbio zote hizo unamkimbia nani?"

"Tembo! Jamani, tembo wako nyuma yangu!"

"Saa hizi umeshakunywa tembo?" Wakacheka. "La mnazi au la nini?"

"Naapa kwa Mungu, ni tembo!"

"Tembo gani analia sauti ya mwanamke? Hebu tuambie. Umemwacha wapi?"

"Sijamwona mwanamke yeyote!"

"Ndivyo ulivyosema na mara ile."

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa siku nyingi. Nilikuwa nakimbia. Nilipoona ni nani aliye katikati yao, niliacha kukimbia. Nilianza kutembea.

Sikusimama. Kama ningesimama ningeweza kusema niliishiwa pumzi. Nilitembea kama mtu anayetoka kanisani. Wiki mbili baadaye nilirudi na kuhesabu, kwa sababu nilitaka kujua: kutoka gogoni mpaka joshoni ni hatua mia moja na nne. Katika hatua hizo fimbo ya kwanza ilitua kwenye mkono alioinua kujikinga, na ule mkono ukabaki umekaa vibaya. Fimbo ya pili ilimpata mgongoni. Ya tatu ilimpata jicho la kulia. Hakupiga kelele kama nilivyodhani angepiga. Alitoa sauti ndogo ya koo, na mimi nikajiuliza kama dada naye alitoa sauti kama ile pale kwenye ufuta. Nikaendelea kutembea polepole.

Shemeji ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa na panga, ameliinamisha, bado hajalitumia.

"Shemeji! Uko mzima? Amekugusa?"

Nilitikisa kichwa. Sikumbuki kama nilitikisa kukubali au kukataa, na nadhani hata wao hawakuelewa. Wakapisha nafasi ili nimwone vizuri. Damu ilikuwa imejaa upande mmoja wa uso wake. Kwa jicho lililobaki alinitazama.

"Dada," alisema. "Dada, waambie."

Shemeji akaniuliza. Aliuliza taratibu, kwa adabu, kama anayeuliza ng'ombe huyu ni wa nani.

"Ni yeye?"

Ningesema ndiye, nisingekuwa nimesema uongo. Ndiye aliyetoka na dumu nyuma ya nyumba ya bibi. Ndiye, naamini, aliyemfuata dada kwenye ufuta. Ndiye aliyemfundisha mama yangu kujibu bila kuinua kichwa. Swali la shemeji lilikuwa na maswali mawili ndani yake, na kwa moja nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Sikulazimika hata kulitamka. Kunyamaza kulitosha, na nilikuwa nimenyamaza tayari.

Wala sitasema nilimhurumia, kwa maana sikumhurumia. Nilichokiona ni kijana mmoja wa bodaboda, wa hapahapa kijijini, aliyekuwa amefuata kelele na pikipiki yake. Alikuwa ametoka kwenye duara, akarudi na dumu la petroli la njano, la lita tano. Alikuwa anafungua kifuniko. Na alikuwa anatabasamu, si kwa ubaya, alitabasamu kama mtu aliyekumbuka kuleta chumvi.

"Ni tembo," nilisema.

Shemeji akasogea. "Unasemaje?"

"Yowe lilikuwa langu. Nilikuwa nakimbia tembo. Debe nimeliacha nyumbani."

Yule kijana, dumu mkononi, akasema: "Lakini bro, si ndiye aliyemuua mkeo? Tembo anahusikaje hapa?"

"Hilo nalijua," shemeji alisema bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Shemeji, sikukuuliza habari za tembo. Nimekuuliza, ni yeye?"

Nilijua kwamba nikisema hapana namnyima kitu alichokisubiri miaka miwili, na kwamba mtu huyu akiinuka hapa hai, atainuka akijua kila tunachokijua.

"Leo si yeye," nilisema.

Shemeji alibaki amesimama. Mzee mmoja wa kwao akasema neno katika lugha yao, fupi, na mwingine akamjibu kwa hasira. Panga lilikaa lilipokaa. Mwishowe aligeuka, akalipokonya dumu kutoka kwa yule kijana na kufunga kifuniko, akakikaza kwa kiganja mpaka vidole vikakakamaa. Akaondoka kuelekea bomani bila kuniaga. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja.

Tulibaki mimi na yule mtu. Alikuwa amelala ubavu, akihema. Sikumgusa. Nilipiga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa askari wa wanyamapori kuhusu tembo, kisha nikasimama hatua kama kumi kutoka alipo mpaka watu walipofika. Walimpeleka hospitali Kilosa. Jicho halikupona.

Nilimsimulia mama yote siku hiyohiyo, isipokuwa moja. Nilisema nilipofika walikuwa wameshampiga, kwa sababu nilichelewa.

Mama alikuwa anayatoa yale mahindi kwenye debe. "Ulichelewa," aliuliza, "au ulitembea?"

Sijui alijuaje. Nilikaa chini.

Shemeji alikuja baada ya Jumapili mbili. Hakukaa kwenye kigoda, alisimama mlangoni, mikono juu ya fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai." Akatazama chini. "Nimekuja kuuliza tu. Mimi ni mjinga?"

"Nani amesema wewe mjinga?"

"Mtu anamchoma bibi wa watu. Anamkata mke wangu. Serikali inamwachia. Mungu ananiletea yeye mpaka mbele ya josho langu, amepiga magoti. Na mimi namwacha kwa sababu ya debe." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mama, mtu mbaya hana haki ya kulala salama."

Nilisimama, nikaingia chumbani, nikatafuta daftari langu la zamani. Nililiangalia, nikalirudisha. Yalikuwa maneno yaleyale, neno kwa neno. Sikumwambia. Mama, ambaye hakuwahi kulisoma daftari lile, ndiye aliyesema.

"Aliyemchoma yule bibi naye alikuwa na hakika."

"Kwa hiyo mimi na yeye ni sawa?"

"Hapana. Wewe ulifunga kifuniko."

Shemeji alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa kidogo kuliko alichokuja kuomba. Alikataa chai. Tangu siku ile anapita barabara kubwa ya Mikumi, hapiti kwetu, na watoto wa dada hutujia wakiwa peke yao. Najua ananilaumu, nami simlaumu kwa kunilaumu. Nikikutana naye mnadani ananiitikia salamu vizuri. Haulizi habari za nyumbani.

Yule mtu alirudi kijijini mwezi wa saba. Tuliambiwa jioni kwamba ameonekana akishuka kwenye gari, kitambaa jichoni. Asubuhi iliyofuata tuliamka mapema, wote wawili, bila kuambiana. Mama aliwasha moto na kuchukua ungo wa mchele. Mimi nilishika mwiko, ingawa sufuria ilikuwa haijachemka.

Pa, pa, pa. Mwendo ulikuwa wa polepole kuliko zamani. Mbwa aliinuka na kutikisa mkia. Kandambili zikasimama penye pengo la ua.

"Shikamoo, mama."

Mama alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

Nilidhani hakusikia. Nilimtazama, nikaona mikono yake imeacha kuchambua, na nikajua amesikia. Maji yalianza kuchemka kwenye sufuria. Sikuyagusa.

"Shikamoo, mama."

Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia shikamoo ikitolewa mara mbili kwa mtu mmoja na isipokelewe. Hata wanaodaiana damu huitikia. Ilikuwa kama kuona mtu amenyoosha mkono na mkono umebaki hewani.

"Mama, hunisikii?"

Mama aliinua kichwa. Miaka miwili hakuwa amemtazama usoni, na sasa alimtazama, jicho na kitambaa, kwa muda mrefu.

"Nakusikia," alisema.

Akarudi kwenye mchele. Yule mtu alisimama kidogo. Niliona vidole vya mkono wake mzima vikiuminya na kuuachia mnyaa mmoja wa ua, mpaka utomvu mweupe ukamtiririkia mkononi. Kisha akaenda zake mtoni.

Hapo ndipo nilipotambua mama amefanya nini. Alikuwa amemwambia kwamba hata yeye anajua. Kinga pekee tuliyobaki nayo, lile neno moja la kila asubuhi, ameivua mwenyewe, mchana kweupe, na mlango wetu ni wa mbao za mkongo zenye komeo moja.

"Mama, kwa nini sasa?"

"Zamani nilimwitikia ili nisife," alisema. "Kule joshoni ulimpa uhai wake. Mtu uliyempa uhai huwezi kumdanganya tena." Akapepeta. "Hatumuui. Lakini marahaba yangu haipati."

Kisha akanyoosha kidole kwenye kona, lilipo debe. Alikuwa ameliosha na kulisugua kwa mchanga.

"Hilo lipeleke dunguni leo, likae hukohuko. Usilirudishe tena hapa nyumbani."

"Na tukivamiwa hapa?"

"Hapa tutapiga bila debe."

Nilielewa. Nyumbani kwetu, kuanzia siku ile, yowe litakuwa mwano, na watu wa boma watakuja na fimbo zao, na safari hiyo hakuna atakayewaambia kwamba si yeye. Nilitaka kumuuliza kama hilo ndilo analolitaka au ndilo analoliogopa. Lakini alikuwa ameacha kupepeta, ungo umesimama mikononi, anasikiliza upande wa mto. Nami nikasikiliza. Sikusikia kandambili.